Anayehakiki seti ya Lego aijenge kwanza mpaka kipande cha mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nisome ile makala yenu ya zawadi, pale mwandishi alipozipanga seti za Lego, yale matofali madogo ya plastiki ya kuunganisha, kwa idadi ya vipande, yenye vingi juu yenye vichache chini, akasema yenye vipande vingi ndo bora, halafu akamalizia kwamba hata hivyo mtu mzima mwenye akili zake hana shughuli na matofali ya watoto. Hilo la mwisho nitalijibu haraka maana halina ugumu. Hilo la kwanza ndo zito, kwa sababu watu wanatoa hela zao kwa kufuata maneno kama yale, na mimi ambaye najenga hizi seti na kuziandikia hakiki muda mrefu sasa nasema wazi kwamba kuhesabu vipande hakujawahi kuwa uhakiki. Mtu akae chini, afungue boksi, ajenge mpaka kipande cha mwisho, ndo aje atuambie.

Tuanze na la mtu mzima basi. Lego ilianza 1932 kwa fundi seremala, Ole Kirk Christiansen, pale Billund, Denmaki, akichonga vitu vya kuchezea vya mbao, na plastiki ilikuja baadaye kabisa. Wazo la tofali la plastiki la kushikana lilikuwa limeshafanyiwa kazi Uingereza na Hilary Fisher Page, naye apewe haki yake, watu wengi wanamruka. Ila tofali hili tunalolijua leo, lenye vinundu juu na mirija ndani ya tumbo lake, liliombewa hataza, yani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi, tarehe 28 Januari 1958, na ile mirija ndo siri yote, maana kabla yake matofali yalikuwa matupu ndani yakiachia achia. Sasa chukua tofali la 1958 na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu, yabonyeze pamoja, yanashika. Ni vitu vingapi ulivyonavyo ndani vilivyotengenezwa kwa vipimo ambavyo havijasogea tangu wakati huo? Kitu chenye nidhamu ya namna hiyo kinamvuta mtu mzima bila kubembelezwa.

Na kampuni yenyewe ilishalijua hilo. 2007 walitoa Cafe Corner, jengo la kona la vipande 2,056, mwanzo wa ule mtaa wa majengo ambao wajenzi wazima wanaendelea kuupanga mpaka leo, jengo kwa jengo, na mwaka huo huo wakatoa Millennium Falcon, chombo cha anga cha kwenye filamu za Star Wars, chenye vipande zaidi ya 5,000, hivyo vyote havikuwa vya mtoto wa miaka sita. 2020 wakaja na maboksi meusi yaliyoandikwa 18+ waziwazi. Hata kabla ya hapo watu wazima walikuwa wameshajijengea dunia yao wenyewe, mwaka 1995 James Jessiman alitengeneza LDraw, programu ya kuchora mijengo ya matofali kwenye kompyuta, na 2000 Dan Jezek akaanzisha BrickLink, soko la intaneti ambapo unaweza kununua kipande kimoja tu unachokitafuta, cha rangi unayoitaka, kutoka kwa mtu wa upande wa pili wa dunia. Lego walikuja kulinunua soko hilo 2019. Yani watu wazima walijenga barabara na kampuni ikaja kupita juu yake, halafu leo tunaambiwa hatuna shughuli humo!

Hilo limetosha. Turudi kwenye vipande.

Kwenye ile orodha yenu seti ya juu kabisa ilikuwa Ramani ya Dunia ya 2021, vipande 11,695, na kwa hesabu hiyo mwandishi akaipa ushindi. Ni seti ya kupendeza ukutani, sina ugomvi nayo. Ila karibu yote ni vidude vidogo vya duara vya kinundu kimoja kimoja unavyovibonyeza kwenye ubao, bahari na nchi kavu, maelfu kwa maelfu, kwa kufuata mchoro. Hakuna ukuta unaoinuka, hakuna bawaba, hakuna mahali unaposimama ukajiuliza hiki kinaingiaje hapa. Wapo wanaoipenda kazi hiyo kwa sababu inatuliza, mikono inaenda yenyewe na akili inapumzika, na mhakiki mkweli angewaambia hao kwamba hii ndo yenu. Lakini ukimwambia mtu anayependa ufundi kwamba hii ni bora kuliko Titanic kwa sababu Titanic ina 9,090 tu, umempoteza. Ile Titanic ni meli ya zaidi ya mita 1.3, inaachana vipande vitatu ukaona ndani, kuna ngazi kubwa, kuna vyumba, kuna matanuri ya boila, na ukizungusha mapanga ya nyuma unaona pistoni za injini zinapanda na kushuka kule ndani. Kuna mtu alikaa akafikiria namna ya kuupitisha huo mzunguko katikati ya meli bila kuidhoofisha. Hilo halionekani kwenye namba ya boksi, na kulinganisha seti hizi mbili kwa namba ni sawa na kumsifu mwandishi kwa wingi wa herufi alizotumia.

Watu wanapenda pia ile hesabu ya kugawa bei kwa vipande, unapata bei ya kipande kimoja, ukiona ni ndogo unasema hapa nimepata. Hata mimi naiangalia, ni mahali pa kuanzia. Ila inadanganya sana. Seti yenye vidude vingi vya kinundu kimoja itaonekana rahisi siku zote, na seti yenye paneli kubwa, magurudumu, mota au kipande cha ngalawa kizima itaonekana ghali siku zote, hata kama plastiki uliyoibeba nyumbani kwa uzito ni ile ile au zaidi. Mhakiki anatakiwa aseme vipande hivyo ni vya aina gani, vimeenda wapi, vingapi vimefichwa ndani kama mifupa ambavyo hutaviona tena, vingapi ni vipya ambavyo havikuwahi kutoka kwa rangi hiyo, maana kuna wajenzi wanaonunua seti sio kwa ajili ya picha ya kwenye boksi, wananunua kwa ajili ya vile vipande ili wakajenge vyao. Kwa mtu wa aina hiyo sentensi moja kuhusu rangi adimu ina faida kuliko aya nzima ya sifa.

Ipo seti moja ambayo namba yake ina maana kweli, nayo ni roketi ya Saturn V ya 2017, ilikuwa na vipande 1,969 kwa makusudi, kwa kuwa roketi hiyo ndo iliyoipeleka Apollo 11 mwezini 1969. Hiyo nayo ilianzia kwa mashabiki, kwa ule utaratibu ambapo mtu yeyote anapeleka wazo lake na likipata kura 10,000 kampuni inalikalisha mezani kulijadili. Lakini hata hapo ukinihakikia roketi kwa kuniambia ni 1,969 ukaishia hapo, hujaniambia kwamba ule mwili wake wa mviringo umejengwa kwa kuzungushia kuta kwenye kiini chenye vinundu vinavyotazama pande nne, na hapo ndo raha yote ilipo.

Na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndo kiini cha barua yangu. Umbali wa kutoka kinundu kimoja mpaka kingine ni milimita 8. Tofali la kawaida bila kinundu chake lina kimo cha milimita 9.6. Pleti, kile kipande chembamba, kina 3.2, kwa hiyo pleti tatu zikipandana zinakuwa sawasawa na tofali moja. Mtoto anajua hilo kwa vidole bila kuambiwa. Sasa panga pleti tano, unapata milimita 16, na milimita 16 ni vinundu viwili kamili. Maana yake ukichukua kile kipande chenye kinundu ubavuni ukaugeuza ujenzi ukalala upande, pleti zako tano zitaingia kwenye nafasi ya vinundu viwili pasipo pengo hata la unywele. Kwa hesabu hiyo ndogo tu mbunifu anaweza kuweka fremu ya dirisha iliyolala, maandishi kwenye bango, mdomo wa gari wenye taa zinazoangalia mbele, vitu ambavyo kwa kupandisha matofali juu tu visingewezekana. Ukijenga kwa mikono yako unafika hatua unabonyeza upande mzima uliolala, kinasikika kile kimlio kidogo, na ukipitisha kidole juu ya kiungo hukisikii. Anayeandika hakiki anatakiwa atuambie kama wakati huo upo kwenye seti hii, uko wapi, na ni mara ngapi mbunifu ametupa kitu kipya badala ya kurudia kile kile cha mwaka jana. Kwa picha za kwenye boksi hutalijua kamwe. Kwa video iliyokimbizwa ya dakika mbili pia hutalijua, mikono inapita kama upepo na jengo linaota lenyewe, inavutia kutazama lakini haisemi chochote kuhusu kujenga.

Mfano mwingine, seti ya bonsai ya 2021, ule mti mdogo wa kukuzwa kwenye chungu, vipande 878, kadogo ukilinganisha na hayo majitu. Una majani ya kijani, na una maua ya pinki unayoweza kubadilisha ukayaweka badala ya majani. Sogea karibu uangalie hayo maua, mengi yake ni vyura. Vyura wadogo wa pinki, kipande kile kile cha chura tunachokijua kwa rangi zingine, wamekaa kwenye matawi migongo juu, na ukirudi nyuma hatua mbili wanapotea kabisa unaona maua matupu. Kuna mbunifu aliyemwangalia chura akaona petali. Mimi nilivyofika kwenye hatua hiyo niliacha kujenga nikabaki nawapanga upya tu, huyu aangalie huku, yule kule, kwa sababu kibuku cha maelekezo kinakupa uhuru kidogo wa kugeuza matawi na mti wa kila mtu unatoka tofauti. Kwenye orodha yenu bonsai iliwekwa chini kabisa kwa kuwa ina vipande vichache. Inauma kwa kweli.

Kurudia rudia ni jambo lingine ambalo hakiki nyingi zinalikwepa. Colosseum ya 2020, ule uwanja wa kale wa Roma, ina vipande 9,036, ni jengo la duara refu lenye matao mengi sana, kwa hiyo utajenga tao, utajenga tao, utajenga tao, na ukimaliza upande mmoja unageukia mwingine. Mnara wa Eiffel wa 2022, vipande 10,001, urefu karibu mita moja na nusu, nao ni vyuma vilivyofumwa, kwa hiyo unafuma mpaka uchoke. Silaumu seti hizo, majengo yenyewe ndivyo yalivyo, ukiyafanya kwa uaminifu huwezi kukwepa, na yakisimama yanatisha kwa uzuri. Lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla. Aambiwe kwamba mifuko ya mwanzo ya vipande ina utamu na katikati kuna safari ndefu, na kwamba hapo ndo pazuri kumwita mwenzio mkae wawili, mmoja anachambua vipande mwingine anabonyeza. Mtu aliyeandika hakiki baada ya kujenga mifuko mitatu ya kwanza hawezi kukwambia habari za katikati, na niwaambie ukweli wapo wanaofanya hivyo, unawajua kwa sababu sifa zao zote zinahusu vitu vilivyopo mwanzoni mwa kibuku.

Halafu stika. Hili linawagusa wajenzi wote na kila mwaka linarudi. Mtu amenunua seti kubwa ya kuweka sebuleni, anafungua anakuta karatasi ya stika, abandike mwenyewe, ikienda upande hairudi, na baada ya miaka zinakauka zinaanza kuinuka pembe. Kipande kilichochapwa kiwandani kinakaa. Mbaya kuliko zote ni ile stika inayopita juu ya vipande viwili au vitatu, seti za zamani zilikuwa nazo, kwa hiyo siku ukitaka kubomoa ujenge kitu kingine inabidi uichane. Mhakiki ahesabu stika basi, hiyo ndo hesabu yenye faida! Aseme zipo ngapi, zimekaa wapi, rangi ya stika inalingana na rangi ya plastiki au imepishana, na bila hizo stika jengo linasomeka au linakuwa ukuta mtupu.

Rangi nazo zina habari zake. Wazoefu wanajua kwamba kijivu cha zamani na kijivu cha sasa sio kimoja, kilibadilishwa 2004 kikaingia ubluu kidogo, ukivichanganya kwenye ukuta mmoja kuna viraka. Wanajua kuhusu ile kahawia nyekundu na nyekundu iliyokolea za miaka kadhaa zilizopita, ambazo unakibandua kipande kwa upole kabisa na bado kinakatika mkononi. Wanajua nyeupe iliyokaa karibu na dirisha inageuka njano. Haya yote hayaonekani siku seti inatoka, na ndo maana ningependa hakiki ya pili, miezi mingi baadaye, ituambie jengo limekaaje. Je limelegea? Kuna mkono wa kitu umeanza kuinama kwa uzito wake? Vumbi linaingia mahali ambapo brashi haifiki? Unaweza kulibeba kutoka meza moja kwenda nyingine kwa kulishika wapi? Hili la mwisho linaonekana dogo mpaka uwe na kitu cha urefu wa mita moja mikononi na mlango mbele yako.

Nije kwenye suala ambalo wengine wanaliona aibu kulisema. Wapo wahakiki wanaotumiwa boksi bure na mtengenezaji kabla halijafika dukani. Hilo lenyewe sio kosa, wengine wanafanya kazi nzuri sana kwa njia hiyo, na ndo wanaotuwezesha kujua mapema, ila lisemwe juu kabisa ya hakiki na sio kwa maandishi madogo ya mwisho. Mtu aliyetoa hela yake mwenyewe anauona upungufu kwa jicho tofauti. Aliyepewa bure anaandika kuhusu seti, aliyenunua anaandika kuhusu seti na bei yake kwa pamoja, na msomaji anayefikiria kununua yuko kwenye hali ya huyo wa pili. Gazeti likichapisha hakiki litamke ni ipi kati ya hizo.

Na msiishie kwenye Lego peke yake. Hataza ya lile tofali la msingi iliisha zamani, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua 2005 kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kufungwa kama alama ya biashara, kwa hiyo wapo watengenezaji wengine halali wenye seti zao wenyewe walizobuni wenyewe, na wanastahili kuhakikiwa kwa kipimo kile kile, kushika kwao, rangi zao, uwazi wa maelekezo yao. Wale wanaonakili seti ya mbunifu mwingine kipande kwa kipande mpaka picha ya boksi, hao ni suala lingine, mimi siwagusi na nisingependa gazeti liwape nafasi. Kuna mtu alikosa usingizi kutafuta jinsi ya kulikunja lile paa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwenye hakiki karibu zote halipo kabisa, nalo ni maelekezo yanasomekaje na nani. Kwenye kurasa nyingi nyeusi na bluu iliyoiva zinafanana, kahawia mbili zinafanana, na mtu mwenye macho ya wastani kwenye taa ya usiku anachanganya. Sasa mfikirieni asiyeona kabisa. Matthew Shifrin, kijana wa Marekani asiyeona tangu kuzaliwa, alijenga seti kubwa kwa mara ya kwanza peke yake baada ya rafiki yake kumwandalia maelekezo yote kwa maandishi ya breli, hatua kwa hatua, kila kipande kimeelezwa kwa maneno. Yeye ndo aliyelipeleka jambo hilo mbele mpaka 2019 Lego wakaanza kutoa maelekezo ya sauti na ya breli kwa baadhi ya seti. Mnaona maana yake? Mtu akiweza kuieleza seti kwa maneno kiasi kwamba asiyeona anaijenga, basi huyo ameielewa. Mimi naandika hakiki zangu nikiwa na hilo kichwani, nikifika mahali ambapo nategemea picha inisaidie najilazimisha kwanza nieleze kwa maneno, pleti gani imekaa juu ya ipi, inageukia wapi, inashikwa na nini, na mara nyingi hapo ndo nagundua mbunifu amefanya nini hasa.

Najua kuna msomaji atauliza haya yote ni ya nini kwa kitu cha kuchezea. Ni kwa sababu hela ni nyingi, muda ni mwingi, na ufundi ni wa kweli. Seti hizi zinabuniwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wanajenga na kubomoa mara nyingi kabla jengo halijafika kwenye boksi, na kazi ya mtu wa namna hiyo inastahili msomaji makini kama inavyostahili filamu au kitabu, ambavyo gazeti lenu linavihakiki kila wiki bila mtu kuulizwa kwa nini. Hakuna mhakiki wa vitabu wenu anayesema riwaya hii ni bora kwa kuwa ina kurasa nyingi. Mngemwondoa.

Jambo la mwisho, kubomoa. Karibu hakuna anayeliandika. Tofali sita tu za vinundu nane, za rangi moja, zinaunganika kwa njia 915,103,765, hiyo ni hesabu iliyofanywa na mwanahisabati Søren Eilers kwa kompyuta, na seti yako ina maelfu ya vipande sio sita. Kwa hiyo seti ikishajengwa na kutazamwa vya kutosha bado kuna swali kwamba vipande hivi vitanipa nini kesho. Seti nyingine ukiibomoa unabaki na ghala zuri, pleti za kila saizi, mabano, matofali ya kona, unaweza kuanza kitu chako usiku huo huo. Nyingine unabaki na vipande maalumu ambavyo havitakubali kuwa kitu kingine zaidi ya kile vilichokuwa. Mhakiki ashike kile kifaa cha kubandulia, abomoe, amwage mezani, atazame amebaki na nini, aandike. Kwenye ile makala ya zawadi hilo lisingechukua zaidi ya sentensi mbili kwa kila seti na lingekuwa na faida kuliko ile orodha nzima.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, mnapofikiria tena kuandika habari za seti hizi, kazi hiyo mpeni mtu atakayezijenga. Kama mkimkosa, mimi nipo. Chagueni seti mnayoitaka, boksi nitalinunua mwenyewe, mniachie tu muda wa kutosha nifike mwisho wa kibuku kabla ya kunidai maandishi.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi, mjenzi mtu mzima